Muziki wa Wagiriki wa kale: anza na waya, vitabu vitafuata

Ukitaka kujifunza nadharia ya muziki ya Wagiriki wa kale, tafuta kwanza ubao mrefu na waya mmoja wa gitaa. Ukaze waya juu ya ubao, weka kijiti chini yake kila upande, na hakikisha kati ya vijiti hivyo viwili kuna sentimita 72 kamili. Wagiriki wenyewe walipimia sauti kwa chombo cha namna hii. Nimewasaidia wanafunzi kadhaa kuingia katika somo hili, na waliotengeneza ubao walielewa mapema kuliko waliokariri namba.

Nimechagua 72 kwa sababu inagawanyika vizuri. Piga waya wote, sauti hiyo iite do. Chukua kijiti cha tatu, uache urefu wa sentimita 36, upige: umepata do ya juu, yaani oktava, uwiano wa 2:1. Ukiacha 48 ni so, 3:2. Ukiacha 54 ni fa, 4:3. Ukiacha 64 ni re, 9:8, na nafasi hiyo, yaani umbali kati ya do na re, ndiyo toni. Mwanakwaya aliyezoea sol-fa atazitambua zote bila kuambiwa.

Wengi hukwama kwenye hesabu. Ukiunganisha nafasi mbili za sauti, uwiano wake unazidishwa, haujumlishwi. Kutoka do hadi fa, kisha fa hadi do ya juu, ni 4/3 mara 3/2, jawabu 2. Kutaka kujua kilichopo kati ya fa na so, gawanya 3/2 kwa 4/3, utapata 9/8. Zifanye kwa mkono mpaka zikuzoee. Halafu panda toni sita mfululizo za 9:8. Sikio linategemea kufika oktava, lakini waya unakupeleka kwenye 35.5 badala ya 36. Umeipita oktava kidogo, na tofauti hiyo inasikika.

Utakutana pia na hadithi ya Pythagoras kupita karibu na wahunzi na kusikia nyundo zikilia kwa ulinganifu kulingana na uzito wake. Ijue, maana waandishi wengi wa kale wanaitaja, lakini usiijengee hoja. Hata ukining'iniza mawe kwenye waya, oktava inataka uzito mara nne, si mara mbili kama hadithi inavyodai. Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, alilionyesha hilo katika karne ya 16. Pythagoras hakuacha maandishi. Tunachokijua kimetoka kwa waliomfuata, kama Philolaus wa karne ya 5 KK.

Sasa tumia muda mrefu kwenye tetrakodi, maana moyo wa somo uko hapa. Ni sauti nne ndani ya nafasi ya 4:3. Safari hii waya wote uite mi, na 54 iwe la. Hizo mbili za pembeni hazisogei. Mbili za katikati ndizo zinazohama, na kuhama kwake kunazaa aina tatu: diatoniki, iliyo karibu na sol-fa ya kawaida; kromatiki, ambayo sauti ya tatu imeshuka; na enarmoniki, ambayo imeshuka zaidi. Archytas wa Taras, kusini mwa Italia, aliipima enarmoniki kwa 28:27, 36:35 na 5:4. Kwenye ubao wako ni 72, kisha karibu 69.4, kisha 67.5, halafu mruko mkubwa hadi 54. Piga polepole, ujaribu kuimba. Aliyekulia na ala za udi na kanuni katika taarabu ya Unguja atashangaa kidogo tu. Aliyelelewa na kinanda peke yake atadhani waya umelegea. Haujalegea. Mpe sikio muda.

Baada ya hapo ndipo usome ugomvi wa Aristoxenus, mwanafunzi wa Aristotle, na wafuasi wa Pythagoras. Yeye alisema sikio ndilo hakimu, na kwamba nafasi ile ya 4:3 ni toni mbili na nusu. Wao wakajibu kwamba 9:8 haigawanyiki katika nusu mbili sawa kwa uwiano wa namba kamili, na hesabu inawaunga mkono. Wanaoanza hukimbilia kuchagua upande. Mimi naona Aristoxenus anaeleza anachosikia mwanamuziki katika wimbo unaoendelea, na wenzake wanaeleza kinachotokea kwenye waya. Wasome wote wawili kwa heshima.

Tahadhari moja ya haraka: Doria na Frigia, majina ya ngazi za sauti katika muziki wa makanisa ya Ulaya ya enzi za kati, hayaelekezi kwenye ngazi zilezile za Wagiriki. Usichanganye majedwali.

Ptolemaeus wa Aleksandria, karne ya 2 BK, ndiye ninayempendekeza umalizie naye, kwa sababu alidai hesabu na sikio vikubaliane. Mojawapo ya diatoniki zake ni 16:15, 9:8, 10:9. Weka alama kwenye 72, 67.5, 60 na 54. Pembeni yake weka za wafuasi wa Pythagoras: 72, 68.3, 60.75 na 54. Zipige kwa zamu, kisha mwite mtu mwingine azisikilize bila kuziona alama, akuambie anayoipenda. Mimi napenda ile ya 60.