Mtoto kauliza sayansi ni nini: dada, usimkaririshe!

Dada mleta mada, hiyo karatasi iweke chini kwanza. Unasema binti yako wa miaka 5 kakuuliza sayansi ni nini, ukamwandikia "sayansi ni elimu inayopatikana kwa uchunguzi na majaribio", kila jioni anaisema mpaka aishike, na sasa unauliza ununue vifaa gani na shule ipi ina sayansi nzuri. Sentensi hiyo hiyo nilimkaririsha mwanangu wa kwanza. Alikuwa na miaka 6. Leo yuko darasa la nne na bado tunalipia.

Aliishika kweli kweli. Wageni wakija anasimama katikati ya sebule, mikono nyuma, anaitoa yote bila kukosea. Shangazi zake wanapiga makofi, anapewa hela ya pipi. Ilitoka kwenye karatasi ya shule yake ya awali, tulipewa wazazi wote tuwaandae watoto kwa mahafali. Mwalimu akatuambia mtoto akishajua maana, mengine yatakuja yenyewe. Nikaamini. Hayakuja. Mtoto alilijua neno "majaribio" kama kasuku anavyojua salamu.

Sasa ngoja nikueleze habari ya harage, maana hapo ndipo nilipoharibu.

Shule iliwapa kazi: kila mtoto aoteshe maharage kwenye makopo mawili, moja likae dirishani, jingine gizani, baada ya siku 10 waje waseme wameona nini. Kwenye karatasi ya mzazi jibu lilikuwa limeshaandikwa: mmea hauwezi kukua bila mwanga. Kijana akapanda, akawa anamwagilia mwenyewe, kopo la pili akaliweka ndani ya kabati la viatu. Siku ya 9 nimerudi kazini nimechoka, hata begi sijaweka chini, anakuja mbio: "Baba, la kabatini limelishinda la dirishani! Ni refu!"

Unajua nilimjibu nini? "Haiwezekani. Umechanganya makopo."

Sikwenda kuangalia. Kabati lilikuwa hatua nne kutoka niliposimama. Akasema hapana baba, njoo uone. Nikamwambia asibishane, mwalimu ameshasema. Nikaketi naye mezani, nikamwonyesha mahali pa kuandika: la kabatini halikukua. Akaandika huku machozi yakimlengalenga. Kesho yake akarudi na alama ya vema na nyota.

Wiki moja baadaye natafuta viatu vya Jumapili, nikaliona kopo. Harage limerefuka, jembamba, limepauka linaelekea njano, vijani vidogo, limelalia kiatu changu. Na kwenye ukingo wa kopo palikuwa na vipande viwili vya uzi vimefungwa, kimoja kirefu, kimoja kifupi. Alikuwa amepima. Hakuna aliyemfundisha. Alikata uzi kwa urefu wa kila mmea ili akija kuniambia awe na ushahidi, na mimi sikumpa hata nafasi ya kuuonyesha. Nilikaa pale chini na zile nyuzi mkononi mpaka mama yake akaja kuuliza kama naumwa.

Ndipo nikaenda kusoma, kazi niliyopaswa kuifanya siku ile ya 9. Kumbe harage linakuja na chakula chake, kimo ndani ya zile pande mbili nene za mbegu. Likiota gizani linatumia akiba hiyo kurefuka, linautafuta mwanga. Umbijani, yaani ile rangi ya kijani ya majani, haujatengenezwa, ndiyo maana haliwi kijani. Akiba ikiisha kabla ya kuupata mwanga, linakufa. Lakini kwa siku zile za mwanzo, la gizani kulipita la dirishani kwa urefu ni jambo la kawaida kabisa. Hata mwenye kitalu anajua, ukichelewa kuondoa nyasi ulizofunikia, miche inachomoza mirefu na dhaifu. Karatasi ilikuwa na nusu ya ukweli, mtoto alikuwa na macho yake, na mimi nikachagua karatasi.

Nilimwomba radhi. Nikamwita, nikamwonyesha lile harage, nikamwambia wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Alilitazama, akaniambia, "Lakini mwalimu kaweka vema."

Hiyo ndiyo hasara ninayokuambia. Tangu hapo ukimwonyesha kitu na kumuuliza anaona nini, anautazama uso wako kwanza. Kisha anauliza, "Jibu lake ni lipi?" Mtoto aliyekuwa anakata nyuzi!

Yule mwalimu simlaumu sana, alikuwa na watoto wengi na ratiba ya kufuata. Hasira yangu ni kwa aliyeandika ile karatasi. Mtu anayechapisha jibu la jaribio kabla mbegu haijaingia udongoni anamfundisha mtoto kwamba kuangalia ni kazi bure. Na yule muuza duka aliyeniuzia hadubini ya plastiki kwa 85,000, akiniapia kwamba kila mtoto wa daktari anayo! Ina ukungu, ukiweka jani unaona kivuli tu. Kwa hela hiyo ningeotesha maharage mpaka kijana anaoa.

Na usidhani ni sisi wa karatasi za awali tu. Erasto Mpemba, Mtanzania mwenzetu, alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba mwaka 1963. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, wanachemsha maziwa, wanachanganya na sukari, wanasubiri yapoe ndipo waweke kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa inagombaniwa, yeye akaweka yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Karibu neno lile lile nililomwambia mwanangu! Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia aliyekuja kuzungumza nao kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walimcheka. Osborne alirudi chuoni akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja makala kuhusu jambo hilo. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kuhusu jambo hilo, na wengine hawakubali kabisa kwamba lipo. Sawa, wabishane, lakini wanabishana kwa vipimajoto. Tofauti ya yule mwalimu na Osborne ni kwamba mmoja alijibu na mwingine alikwenda kuangalia.

Kwa hiyo dada, binti akiuliza tena sayansi ni nini, mwambie ni kukisia, halafu kwenda kuona kama ulikisia sawa. Basi. Na kila atakapokuletea jambo, hata kama unalijua, hata kama una uhakika kakosea, neno la kwanza mdomoni mwako liwe "Tutajuaje?" Usiseme "haiwezekani", wala usikimbilie kusema "ni kwa sababu". Sema "Tutajuaje?", halafu unyanyuke uende naye. Kunyanyuka ndiko kugumu, nakuambia mimi niliyeshindwa hatua nne.

Vitu viko jikoni kwako. Yai bichi kwenye glasi ya maji linazama. Ongeza chumvi kijiko kikubwa kimoja kimoja, ukoroge taratibu, kwenye cha tatu au cha nne litakuwa limeelea. Ila akisie kwanza, kabla ya kila kijiko. Mdogo wake yule kijana wangu, ambaye sasa ana miaka 5, alitaka kujua sisimizi wanapenda nini. Akaweka sukari na chumvi mlangoni. Yeye alikisia chumvi, kwa sababu sukari ni ya kwake. Alipokosea alifurahi kuliko ambavyo angefurahi kupatia, na hajui hata neno moja la ile sentensi ya mahafali. Haraka ya nini? Shuleni kwenyewe somo la sayansi linaanza darasa la tatu, kabla ya hapo ni hasa kusoma, kuandika na kuhesabu.

Juzi usiku tulikuwa barazani, mwezi ndiyo unachomoza, mwekundu, nyuma ya minazi ya jirani. Yule mdogo akasema mwezi ukiwa chini ni mkubwa, ukipanda unapungua. Jibu nilikuwa nalo, likanifika kwenye meno. Nikauma ulimi, nikauliza, "Tutajuaje?"

Akafikiri, akanyoosha vidole kuukamata. Kaka yake alikuwa amekaa pembeni, hasemi kitu, hata usoni hakunitazama. Baadaye akanyanyuka akaingia ndani. Nilidhani kaenda kulala. Akarudi na uzi wa cherehani wa mama yake, akanyoosha mkono wote kuelekea ule mwezi, akafumba jicho moja, akapima, akakata kwa meno. Kisha akaketi kusubiri mwezi upande juu.