"Fast" haikuanza kama mbio, ilianza kama kukaza

Ndugu uliyeuliza kwa nini kitambaa kimeandikwa "fast colour" wakati rangi haiendi popote, na kwa nini mtu aliyelala fofofo anaitwa "fast asleep", swali lako ni zito kuliko lilivyochukuliwa hapa. Waliokujibu "ndivyo kilivyo Kiingereza, kariri tu" wamekunyima utamu wenyewe. Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri maandishi ya afya na ya ufundi, na neno hili nakutana nalo kila mara. Halina haja ya kukaririwa.

Maana ya kasi siyo ya kwanza. Katika Kiingereza cha kale neno liliandikwa "fæst", na maana yake ilikuwa imara, iliyoshika, isiyong'oka. Ndugu zake bado wamebaki na maana hiyo: Kijerumani wanasema "fest", Kiholanzi "vast", Kiswidi "fast" vilevile. Basi "fast colour" ni rangi iliyoshika, haichuji ukifua. "Fast asleep" ni mtu aliyeshikwa na usingizi wa pono. "Stuck fast" ni kunasa kabisa. "Fast friends" ni marafiki wa kufa na kuzikana, wala si watu waliozoeana upesi. Na ukiwa ndani ya ndege ukaambiwa "fasten your seat belt", ni neno hilohilo limefanywa kitenzi.

Sasa kasi ilitoka wapi? Hapa Mswahili ana bahati, kwa sababu jibu analo mdomoni. Tunasema kaza kamba, kaza nati, halafu tunasema kaza mwendo, na hakuna anayeshangaa. Waingereza walipita njia hiyohiyo. Walikuwa na kielezi kilichomaanisha "kwa kukaza, kwa nguvu". Mtu akipigana kwa kukaza, anapigana sana. Akikimbia kwa kukaza, anakwenda mbio. Kidogo kidogo wazo la mbio likashika, na la kukaza likarudi nyuma. Hata "fast" ya kukaa bila kula inatokana na mzizi huo, yaani kushika sharti bila kulegeza. Nasi tunafunga mzigo na tunafunga saumu. Wao asubuhi wana "breakfast", sisi tuna kifungua kinywa. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimefikiri namna moja, na mimi hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Mahali neno hili linapoweza kuharibu kazi kweli ni hospitalini. Niliwahi kupewa rasimu ya mwongozo wa maabara niihariri, na "acid-fast bacilli" ilikuwa imetafsiriwa "bakteria wa haraka kwenye asidi". Sentensi hiyo haimwambii mtu wa maabara chochote. Fuatilia kipimo chenyewe, cha kutafuta bakteria wa kifua kikuu, uone. Makohozi hupakwa kwenye kioo, yanakaushwa, kisha humwagiwa rangi nyekundu na kupashwa moto ili rangi ipenye. Baada ya hapo kioo huoshwa kwa asidi iliyochanganywa na alkoholi. Bakteria wengi hupoteza wekundu wao hapo. Wa kifua kikuu hawapotezi, kwa kuwa ukuta wa seli zao una mafuta mazito kama nta yanayozuia rangi isitoke. Rangi ya buluu ikiongezwa, wao huonekana kwenye hadubini kama vijiti vyekundu juu ya buluu. Kwa hiyo "acid-fast" ni yule ambaye asidi haimvui rangi. Ni ileile "fast" ya kitambaa chako! Mimi huandika "bakteria sugu kwa kuoshwa na asidi". Ni ndefu, lakini msomaji haendi mrama. Usiikate ukaacha "sugu" peke yake, maana atadhani unazungumzia usugu wa dawa, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa wapiga picha, lenzi "fast" ni ile yenye tundu kubwa, na tundu huandikwa kwa namba ya f: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/1.4 hupitisha mwanga mara 8 hivi kuliko ya f/4, na mwanga ukiwa mwingi unaweza kufungua na kufunga shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, kwa muda mfupi zaidi. Kasi hapo ni ya shata, lenzi yenyewe haikimbii.

Saa nayo ikiwa "five minutes fast", usitafsiri kwamba inakwenda kasi. Iko mbele dakika tano, hata kama ni kwa sababu mtu aliisogeza makusudi.

Kuhusu sarufi, usiandike "fastly". Neno halibadiliki liwe kivumishi au kielezi: "a fast car", "drive fast".

Sentensi moja uliyoweka kwenye swali lako, "The boat is fast", ndiyo pekee ambayo huwezi kuiamua ikiwa peke yake. Inaweza kuwa boti yenye kasi, inaweza kuwa boti iliyofungwa gatini. Tazama sentensi za jirani: zikitaja kamba, nanga au gati, imefungwa, zikitaja injini, safari au mashindano, ina mbio. Na ukikuta "made fast", hakuna tena shaka, kamba imekazwa.