Wi-Fi ni kifupi cha nini?

SWALI: Mimi ni fundi simu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kijana wangu wa kazi anashikilia kwamba Wi-Fi ni kifupi cha "Wireless Fidelity", anasema ndivyo walivyofundishwa chuoni. Mteja mmoja akambishia kuwa jina hilo halina kirefu chochote. Wamewekeana soda. Nani anainywa? Na kwenye kibao changu niandike Wi-Fi au waifai? Ndaga fijo.

JIBU: Soda ni ya mteja, ingawa kijana wako ana haki ya kulalamika, maana waliompoteza ni wenye jina wenyewe.

Mwaka 1999 kampuni sita, Nokia na Lucent zikiwamo, ziliunda umoja wa kusimamia vifaa vya mtandao usiotumia waya. Teknolojia yenyewe wataalamu waliiita IEEE 802.11b. Hebu mtangazie mtu wa Mwanjelwa kwamba dukani kwako kuna "802.11b" uone atakavyokutazama! Basi wakaipa kazi Interbrand, kampuni ya kubuni majina, nayo ikawaletea orodha ya kuchagua. Wakachukua Wi-Fi. Jina hilo lina vina na hi-fi, neno lililokuwa limezoeleka zamani kwa wapenzi wa redio na spika za muziki. Hi-fi ndiyo yenye kirefu, "high fidelity": sauti inatoka kama ilivyorekodiwa, bila kuharibika. Wi-Fi iliazima mlio, basi.

Sasa baadhi ya wanachama wa umoja ule hawakuridhika na jina lisilo na maelezo. Wakaliambatanisha na kaulimbiu, "The Standard for Wireless Fidelity". Kaulimbiu iliachwa baadaye, lakini watu walikuwa wameshaikariri, na hadi leo inafundishwa. Phil Belanger, mmoja wa waasisi wa umoja huo, alieleza hadharani mwaka 2005 kwamba maneno hayo yalitungwa baada ya jina kupatikana, na kwamba Wi-Fi si kifupi cha kitu chochote.

Hapo ndipo penye hoja. Akronimu halisi huanza na kirefu. Chukua TAZARA, ambayo stesheni yake mnayo hapo mjini: Tanzania, Zambia, halafu Railway. TEHAMA nayo inatokana na Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Hata SIM unazouza ina maneno yake matatu, "Subscriber Identity Module". Kwa Wi-Fi, jina lilitangulia, kirefu kikatafutwa. Ndiyo maana ukiuliza huo uaminifu wa "fidelity" ni uaminifu kwa nini, hupati jibu la maana.

Kibao andika Wi-Fi, kwa kistari, kwa kuwa ndivyo mteja anavyoliona kwenye simu yake. Ukiandika habari ya kawaida, waifai inakubalika kabisa, na iweke katika ngeli ya I-ZI: waifai ya duka inasumbua, waifai hii ina kasi. Usidanganywe na hiyo "wa" ya mwanzo ukaandika "waifai wa duka". "Mtandao usio na waya" ni Kiswahili safi pia, ila bado watakuuliza nywila ya waifai.

Na akija mtu akalalamika kwamba waifai yako haifai, sarufi yake iko sawa. Kagua ruta.