Wasomaji Wauliza: Muuaji Tunamjua Mapema, Tunasoma Kutafuta Nini?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu riwaya moja, The Silence of the Lambs ya Mmarekani Thomas Harris, iliyotoka mwaka 1988. Wapo walioimaliza usiku mmoja, wapo walioitupa pembeni kabla ya nusu, na kuna nyumba mke na mume wanabishana kwa sababu yake.

Kwa ambaye hajaifungua: Clarice Starling ni mwanafunzi wa chuo cha FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kilichoko Quantico, Virginia. Bosi wake, Jack Crawford, anamtuma kumhoji Daktari Hannibal Lecter, mtaalamu wa magonjwa ya akili aliyefungwa Baltimore kwa kuua watu na kuwala. Nje kuna muuaji mwingine, ambaye magazeti yamembandika jina la Buffalo Bill. Anateka wanawake, anawaua, maiti zao zinaokotwa mitoni. Safari hii amemteka Catherine, binti wa seneta wa Tennessee, na Lecter anajua kitu. Tahadhari: jibu la nne linataja mwisho wa Hannibal, riwaya iliyofuata. Asiyeisoma aliruke.

Nimefika katikati nikaiweka chini. Muuaji tumeoneshwa mapema, tumeingizwa hadi kwenye chumba chake cha chini ya nyumba. Fumbo liko wapi? Mume wangu anasema mimi ndiye sijui kusoma. — Msomaji wa kike, Tanga

Mumeo hajakutendea haki. Nyote wawili mmesoma vizuri, ila kila mmoja aliingia na swali lake. Wengi wetu riwaya ya upelelezi tumejifunzia kwa Bwana Msa, mpelelezi wa Mohamed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960. Pale msomaji anaokota dalili moja moja pamoja na Najum, mwenzake Bwana Msa, akisubiri Bwana Msa aseme nani kafanya. Swali ni "nani?" Harris analiua swali hilo mapema na kwa makusudi. Lake ni "watawahi?"

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock aliwahi kumfafanulia Mfaransa François Truffaut tofauti hii kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wawili wanazungumza mambo ya kawaida, bomu linalipuka ghafla: mtazamaji kapata mshtuko wa sekunde 15. Lakini kama aliona bomu likitegwa, na saa ya ukutani anaiona, mazungumzo yale yale ya kawaida yanamweka roho juu kwa dakika 15. Hiyo ndiyo taharuki. Catherine, akiwa shimoni mwa muuaji, ndiye bomu la riwaya hii. Ukishajua yuko pale, kila mlango anaofungiwa Starling, kila kibali anachosubiri, kila hila ya Daktari Chilton, mkuu wa hospitali alimofungwa Lecter, anayetaka sifa ziende kwake, ni muda unaokatwa kwenye uhai wa yule binti. Ukiisoma ukitafuta "nani?", kurasa hizo hizo zitakuchosha, maana kweli hazina dalili mpya.

Fanya hivi. Rudi pale Catherine anapotekwa, anapomsaidia mwanamume mwenye mkono kwenye plasta kupakia fanicha kwenye gari. Andika pembeni mambo matatu unayoyajua wewe, ambayo Starling hayajui. Kisha endelea ukiwa na karatasi hiyo mkononi. Na fumbo lipo, ila limehamishwa. Kati ya wote waliouawa, ni wa kwanza tu aliyefungiwa uzito ili asielee haraka, na kwa sababu hiyo akaokotwa wa tatu. Kwa nini yeye peke yake? Shikilia hapo.

Ikishindikana, hamia The ABC Murders ya Agatha Christie, 1936. Muuaji anafuata herufi: Andover, Bexhill, Churston, na kando ya kila maiti anaacha kitabu cha ratiba za treni. Kule "nani?" linabaki hai hadi mwisho. Kapteni Hastings ndiye msimulizi, lakini zimechomekwa sura ambazo si zake, zinazomfuata mtu aitwaye Cust. Zisome polepole kuliko nyingine zote.

(Waliokulia kwa Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, wana lalamiko lao: maongezi ya Starling na Lecter ni marefu, risasi chache. Ni kweli. Katika riwaya hii maongezi ndiyo mapambano: Lecter hatoi taarifa mpaka Starling amlipe kwa kumbukumbu ya utoto wake, na kila malipo yanauma kuliko yaliyotangulia.)

Filamu nimeiona mara nyingi. Kitabu kitaniongezea nini? — Msomaji, Nakuru

Kingi. Filamu ya Jonathan Demme ya mwaka 1991 ilizoa Oscar tano kubwa: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike, na mswada uliotokana na kitabu. Ni mwaminifu kwa riwaya, lakini imekata. Mke wa Crawford, anayekufa taratibu nyumbani wakati mumewe anawinda muuaji, hayumo, na bila yeye Crawford anaonekana mkavu kuliko alivyo. Kitabuni Lecter ana vidole sita mkono wa kushoto, na kinachomtenga na mgeni ni nondo za chuma na wavu, si kioo. Ini alilokula anasema aliliteremsha kwa mvinyo wa Amarone. Filamu ikaweka Chianti. Kubwa zaidi ni ile kumbukumbu ya wanakondoo wanaochinjwa, ambayo Starling anamsimulia Lecter: kitabuni Starling mdogo anatoroka na farasi aitwaye Hannah, na farasi huyo anabadilisha maana ya kisa kizima. Katika filamu anatoroka na mwanakondoo.

Nilianza usiku, sikulala. Nataka kuimaliza lakini naogopa. — Msomaji, Mwanza

Kinachokunyima usingizi ni mahali unapofungia kitabu. Riwaya ina sura 61, nyingi za kurasa chache, na Harris ana tabia ya kukata sura pale jambo linapoanza kuchemka. Ukisema "namaliza sura hii nilale", umejitia kwenye mtego wake, utalala na swali kichwani. Funga katikati ya sura, pale wahusika wanaposafiri au kusoma majalada. Sura 15 kwa wiki zinakumaliza mwezi mmoja bila kukimbizana.

Sehemu mbili zisome mchana: uchunguzi wa maiti kule West Virginia, na kutoroka kwa Lecter mjini Memphis. Ya kwanza usiiruke, kwa kuwa kinachopatikana kooni mwa marehemu, kifukofuko cha mdudu aitwaye nondo, kinashikilia upelelezi wote. Ya pili ukiiruka utapoteza sura chache za ufundi wa hali ya juu, lakini kisa utakielewa.

Hannibal imeniudhi hadi leo. Rafiki yangu anaona mwisho wake ndio bora kuliko zote. Inawezekanaje? — Msomaji, Dodoma

Hamko peke yenu. Ilipotoka mwaka 1999, ugomvi ulikuwa huu huu. Starling, aliyempinga Lecter kitabu kizima cha 1988, anapewa dawa na kuchezewa akili, kisha anaishia kuwa mwenzi wake, na mara ya mwisho tunawaona wote wawili Buenos Aires. Jodie Foster alikataa kurudia nafasi yake, Julianne Moore akaichukua, na filamu ya mwaka 2001 ikabadilisha mwisho.

Rafiki yako ana hoja: tangu 1988 wawili hawa walikuwa wakibadilishana siri, na hakuna mwingine aliyemsikiliza Starling kwa makini kama Lecter. Sisi tuko upande wako, kwa sababu ya ufundi. Katika The Silence of the Lambs tunakaa ndani ya kichwa cha Starling muda mwingi, tunaona kila uamuzi ukizaliwa. Kwenye Hannibal, pale anapobadilika, tunawekwa mbali naye, na kazi kubwa inafanywa na sindano. Badiliko kubwa namna hiyo msomaji anataka alione likitokea. Akiambiwa tu kwamba limetokea, anahisi ameibiwa mhusika wake.

Kwa anayepanga kusoma riwaya zote za Lecter: anza na Red Dragon, 1981. Inajitegemea, na Lecter anatokea mara chache tu. Kisha hii ya 1988. Hapo unaweza kuishia kwa amani. Hannibal Rising ya mwaka 2006, inayoeleza utoto wa Lecter, iache iwe ya mwisho au uiache kabisa: mtu aliyekuwa akitisha kwa kutoelezeka, akielezwa anapungua.

Je, ni kisa cha kweli? — Msomaji, Kigoma

Hapana, lakini vipande ni vya kweli. Buffalo Bill ameundwa kwa vipande vya wahalifu kadhaa wa Marekani: Ted Bundy, aliyejifanya ameumia mkono ili wanawake wamsaidie, Ed Gein wa Wisconsin, aliyekamatwa mwaka 1957 nyumba yake ikiwa na vitu vilivyotengenezwa kwa ngozi za maiti, na Gary Heidnik wa Philadelphia, aliyefungia wanawake chini ya nyumba hadi alipokamatwa mwaka 1987. Kuhusu Lecter, Harris mwenyewe alieleza katika toleo la mwaka 2013: akiwa mwandishi wa habari mwenye umri wa miaka 23, kwenye gereza la Monterrey, Mexico, alizungumza na daktari mpole, mwenye akili kali, akidhani ni mtumishi wa gereza. Kumbe alikuwa mfungwa, mwenye kesi ya mauaji.

Naandika riwaya ya muuaji wa mfululizo, Dar es Salaam. Msomaji wangu mmoja anataka nimfiche muuaji, mwingine anataka nimtaje. Nimsikilize nani? — Mwandishi, Morogoro

Amua kabla ya kuandika, maana kila njia ina masharti yake. Ukimficha, sharti aonekane ndani ya theluthi ya kwanza, kwa jina, akiwa na shughuli yake katika kisa, na aseme walau mara mbili. Muuaji anayezuka sura ya mwisho ni udanganyifu. Dalili zako ziweke wazi, ila kila moja iwekwe wakati jicho la msomaji limevutwa na jambo jingine.

Ukimtaja, ficha sababu yake, na tangaza mwisho wa muda mapema: siku gani, saa gani, nini kitatokea. Halafu mpe mateka kazi ya kufanya. Mtazame Catherine shimoni. Ana ndoo, kamba na mfupa, na muuaji ana mbwa mdogo anayempenda kupita kiasi. Binti anajaribu kumvuta mbwa yule aanguke shimoni ili apate cha kubadilishana na uhai wake. Mateka anayelia tu msomaji anamhurumia kwa sura mbili, kisha anachoka; mwenye mpango anasomwa hadi mwisho.

Damu ipime. Eleza maiti moja kwa kina, nyingine zipite kwa mistari michache. Na usihamishie FBI Kariakoo. Anayesimamia upelelezi mkoani ni RCO, yaani mkuu wa upelelezi wa polisi wa mkoa, maiti inachunguzwa na daktari wa hospitali ya serikali, na sampuli za vinasaba zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Muda wa kusubiri majibu hayo usiufute kwenye hadithi yako. Huo ndio muda ambao mateka wako hana.