Kuhusu hizo habari, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Mkristo aachane na magazeti na redio za "kidunia" abaki na vyombo vya waumini tu, maana ndivyo kiongozi wenu wa vijana anavyohimiza. Nimelisoma swali lako, mawazo yakaniishia kwenye zile fedha za paa la kanisa.

Ule ujumbe ulioanza na "Bwana asifiwe, tuombeane" ndio uliosema mhazini, yaani mimi, amezila. Uliandikwa na muumini, wakausambaza waumini, chini yake viganja vitatu vya kuomba. Wanakwaya wenzangu tuliendelea kuimba bega kwa bega, na hakuna aliyeniuliza. Aliyeuliza ni mwandishi wa gazeti, kijana ambaye hata kusali sijui kama anasali. "Mama, nimesikia hivi. Wewe unasemaje?" Nikamwambia aje. Akakaa kwenye kile kiti cha babu yako, akalinganisha daftari na stakabadhi za benki, karatasi moja baada ya nyingine, chai ikapoa. Hakuandika habari, kwa kuwa habari haikuwepo.

Mithali 18:17 mmeisikia kwangu tangu mkigombana mkiwa wadogo: anayejitetea kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Upande mmoja hautoshi. Nitalisema hadi mnizike.

Sasa, waandishi nao si malaika. Wapo wanaouza kichwa cha habari ambacho habari yenyewe haikibebi. Kwa hiyo pengine kiongozi wenu ana hoja. Lakini soma Yohana 21:23: uvumi kwamba mwanafunzi yule wa Yesu hafi ulienea kati ya ndugu wenyewe, si kwa Mafarisayo, ikabidi Injili iusahihishe. Na watu wa Beroya katika Matendo 17:11 walichunguza Maandiko kila siku kuona kama aliyohubiri Paulo ni kweli, wakasifiwa kwa hilo. Paulo, mwanangu!

Ripoti ya ukaguzi wa zile fedha ilisomwa kanisani mara moja, mwisho wa matangazo, watu wameshashika mikoba. Ule ujumbe hakuna aliyeukanusha kule ulikotumwa. Baba yako alisema nisamehe, nikasamehe. Bado naukumbuka neno kwa neno.

Kuhusu huyo kiongozi wenu, ulimi unaniwasha. Lakini nimemsikia kupitia kwako tu. Mwulize kwanza kama alimaanisha vyombo vyote au kimoja kilichomuudhi, halafu unipigie.

Mama yako