Usiwafute hao 19, nenda kawatafute

Mkuu uliyeuliza kuhusu utafiti wako wa mazoezi kwa wagonjwa wa kiharusi, kwamba ulianza na 60, mwezi wa 12 tangu uanze umebaki na 41 na supavaiza kakwambia toa hao 19 uendelee na uchambuzi, mi nakwambia usithubutu. Niliwahi kuwa mkusanya data kwenye utafiti wa aina hiyo hapa Dar, kazi yangu ilikuwa kuzunguka Temeke na Mbagala kutafuta waliokacha kliniki.

Piga hesabu kwanza. Tuseme kati ya 41 wako, 30 wanatembea wenyewe. Gawa kwa 41 unapata 73%, kila mtu anafurahi. Gawa kwa 60, uchukulie waliopotea wote bado wako kitandani, inashuka mpaka 50%. Chukulia wote wamepona, inapanda mpaka 82%. Yaani jibu lako linaelea kati ya 50 na 82 na wanaoamua ni watu ambao hujawaona machoni.

Sasa wameenda wapi? Nakumbuka nyumba moja Buza, nimefika na fomu ya Barthel (ile ya vipengele kumi, anakula mwenyewe, anaoga mwenyewe, alama 0 mpaka 100), nikampa mama shikamoo, nikamuulizia mzee. Akasema mwanangu tulishamzika. Halafu akaingia ndani akanitolea kadi ya kliniki na fimbo, kadhani hospitali ndo imenituma nivichukue. Nilisimama pale kama mjinga. Ofisini yule mzee kaandikwa "hakupatikana", sawasawa na fundi wa kuchomelea wa Mbagala aliyekuwa hapokei simu kwa sababu kapona, anashinda kwenye mageti ya watu, nilimnasa safari ya tatu, Jumapili, akanicheka eti dogo unanifuata kama nina mkopo wa kausha damu.

Marehemu na aliyepona, neno moja! Hapo bado hujaweka waliorudishwa kijijini kwa ndugu, na wale ambao hawawezi kupanda daladala na bajaji ya kwenda na kurudi inakula hela kuliko nauli tuliyokuwa tunawarudishia. Wanaobaki ni wa katikati, walio na mtu wa kuwaleta.

Na angalia pia wametoka kundi gani, hili watu wengi wanalisahau. Sisi kundi la mazoezi walikuwa wanakuja maana wanapata kitu, wale waliopewa maelezo tu na kipeperushi wakaona wanapotezewa muda, wakayeyuka. Ukilinganisha waliobaki huku na waliobaki kule hulinganishi tena makundi uliyoyagawa mwanzo.

Kwa hiyo weka jedwali la umri, ukali wa kiharusi na alama za siku ya kwanza, waliobaki huku, waliopotea huku, utaona kama wanafanana. Mchambue kila mtu kwenye kundi alilopangiwa hata kama aliacha njiani. Usiburuze alama ya mwezi wa 3 ukaibandika mwezi wa 12, kiharusi hakisimami sehemu moja, mtu anapanda na anashuka. Programu za takwimu zinaweza kujazia mapengo kwa kukadiria mara nyingi kutokana na data uliyonayo, ila hiyo inadhani sababu za kupotea zinaonekana kwenye data yako, na fimbo ya yule mzee haikuwemo. Halafu toa na zile hesabu mbili za mwanzo, ya mbaya kabisa (wote wako kitandani) na ya nzuri kabisa (wote wamepona). Wengi wanaichukulia 20% ya waliopotea kama taa nyekundu, wewe uko karibu 32%.

Ila kabla ya yote hayo chukua wiki mbili uwatafute. Simu ikikataa mpigie anayemhudumia, akikataa nenda kwa mjumbe, mjumbe anajua nani kahama na nani kafa. Fundi wangu nilimpata kupitia muuza chipsi.