Bleomisini na mapafu: ya kujua kabla ya dripu ya kwanza

Kichefuchefu na kunyonyoka nywele mgonjwa atakueleza mwenyewe. Mapafu huumia kimyakimya, na ukisubiri alalamike utakuwa umechelewa. Mgeni wa wodi ya saratani na aanze kujifunza na bleomisini, dawa ya saratani inayoweza kuumiza mapafu.

Kimeng'enya kinachoivunja dawa hii ni haba kwenye mapafu na ngozi, ndiyo maana huko ndiko inakoumiza zaidi. Sehemu kubwa hutolewa na figo. Mgonjwa anayepewa pia sisplatini, dawa nyingine ya saratani ambayo hudhuru figo, apimwe upya kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) kabla ya kila mzunguko wa matibabu. Jibu la mwezi jana halikusaidii.

Jumlisha dozi zote alizowahi kupata, hata za hospitali nyingine, uandike jumla mbele ya faili. Hatari hupanda sana ikipita yuniti 400. Chini ya hapo pia watu huumia, hasa wenye zaidi ya miaka 40, wavutaji sigara na waliopigwa mionzi kifuani. Soma lebo vizuri: chupa moja huandikwa yuniti 15, nyingine yuniti 15,000 za kimataifa, na kiasi cha dawa ni kilekile. Ukichanganya vipimo hivyo, hesabu yote imeharibika.

Usimuulize "unapumua vizuri?" Atajibu ndiyo. Uliza kama ngazi alizozipanda mwezi jana bila kupumzika bado anazipanda hivyo, na kama ana kikohozi kikavu. Sikiliza mgongoni, chini ya mapafu: mlio laini wa kukwaruza, kama nywele zikisuguliwa karibu na sikio. Pima oksijeni kidoleni akiwa amekaa, kisha mtembeze upime tena. Eksirei safi isikutulize. Siti skani huona mapema zaidi.

Ukishuku mapafu yameumia, simamisha bleomisini siku hiyohiyo, kisha utafute maambukizi, damu iliyoganda mapafuni na moyo kushindwa, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha kuwa ni bleomisini. Daktari bingwa akiamua prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa kawaida ni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa siku, ikishushwa polepole. Ukiishusha haraka, dalili hurudi.

Kosa la kawaida ni kufungua oksijeni hadi mwisho. Ikizidi, inaweza kuchochea jeraha lilelile. Lenga oksijeni ya kidoleni ya asilimia 88 hadi 92, ila usimnyime aliye hoi. Daktari wa usingizi naye aambiwe kabla ya upasuaji wowote, hata miaka ikiwa imepita. Mpe mgonjwa kadi yenye jina la dawa, jumla ya dozi na tarehe ya mwisho.